Mume wangu, trela na tembe 12 za kwenye dashibodi

SWALI

Assalam aleikum Bi Mkubwa, na shikamoo.

Mimi nakaa Likoni, mama wa watoto wawili na wa tatu yuko tumboni, mimba ya miezi mitano. Mume wangu ni dereva wa trela. Anabeba makontena kutoka bandarini hadi Kampala, na safari nyingine anafika Kigali. Akitoka hapa naweza kukaa wiki tatu sijamtia machoni.

Mwezi uliopita alianza kutetemeka akiwa Malaba, kwenye foleni ya mpakani. Taniboi wake akamnunulia dawa ya malaria, ile ya tembe 24, unameza nne kila mara. Siku ya kwanza akameza mara mbili. Siku ya pili asubuhi akameza kwa chai ya rangi, na kufika adhuhuri akajiona mzima, akashika usukani. Alipofika nyumbani nikaingia kwenye gari kumtolea nguo chafu, nikaikuta pakiti juu ya dashibodi, tembe 12 zimo, karatasi yake imejikunja kwa jua. Kumuuliza, akanijibu, "Hiyo akiba. Nikiugua tena sinunui."

Haikupita wiki mbili tangu aumwe kule, homa ikamrudia hapa nyumbani. Akaenda kwa kemisti wa mtaani, akatobolewa kidole, kile kidude kikatoa mistari miwili. Yule kijana akasema mwili wa mume wangu umeizoea dawa, kwa hiyo malaria imekuwa sugu. Akamdunga sindano tatu, moja kila siku. Homa ikaisha. Baada ya wiki alikuwa bado anahisi mzito mzito, akarudi kupimwa, na mistari ni miwili vile vile! Sasa kijana anataka kumuuzia dawa nyingine, bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza, na ametwambia hii ikishindwa hakuna nyingine.

Bi Mkubwa, na mimi nina langu la kuungama. Mwanangu wa miaka sita alishikwa na homa siku hizo hizo, na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Nikachukua zile za dashibodi, nikampa moja asubuhi na moja jioni kwa siku mbili. Ilitulia. Tangu juzi usiku imerudi, na analia kichwa.

Mama mkwe ameshika lake: dawa za siku hizi ni chokaa, tutafute klorokwini, ile iliyokuwa ikiwasha mwili mzima ndiyo iliyokuwa dawa. Kila jioni anachemsha mwarobaini. Nami kliniki ya wajawazito nilipewa tembe tatu nimeze mbele ya muuguzi, na jirani yangu akaniambia hiyo ni Fansidar, dawa iliyoshindwa zamani. Iliyoshindwa, mbona napewa mimi?

Je, mume wangu ametuletea malaria sugu nyumbani? Nifanye nini?

Mama wa Likoni

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Kwanza mtoto. Ukimaliza kusoma aya hii weka simu chini, umpeleke zahanati leo, usingoje Jumatatu. Akishikwa na degedege, akitapika kila unachompa, akawa hawezi kunywa wala kunyonya chungwa, akipumua kwa haraka au akilegea kama kitambaa, basi usipitie zahanati, nenda moja kwa moja hospitali kubwa, hata kama ni saa nane za usiku na feri ina foleni. Huko njiani mpe panadol kwa kipimo cha umri wake, lakini brufen na aspirini ziweke kando kwa sasa. Sababu ni kwamba homa ya Mombasa si malaria peke yake. Kidingapopo, ambayo hospitalini wanaiita dengue, imetuzukia hapa 2013, 2017 na 2021, na chikungunya ilituvunja viungo kuanzia mwisho wa 2017 hadi mwaka uliofuata. Hizo huletwa na mbu mwingine, yule wa mchana anayezaliana kwenye mapipa na mitungi ya maji tunayoweka kwa sababu mfereji hautoi. Kidingapopo na brufen haziendi pamoja, damu inaweza kuvuja. Kwa hiyo ile homa iliyotulia baada ya zile tembe nne, mimi na wewe hatujui ilikuwa nini. Huenda hata haikuwa malaria, ikaondoka kwa wakati wake, na sasa hii ni nyingine.

Umeshamfikisha? Haya, tuendelee.

Hilo la "mwili umeizoea dawa" nimelisikia miaka yote niliyosimama nyuma ya kaunta pale Mwembe Tayari, na wanaolisema mara nyingi ni wauza dawa wenyewe. Mwili wa mumeo haujazoea kitu. Ungekuwa mwili ndio uliozoea, lingekuwa tatizo lake peke yake, nasi tungemwonea huruma tukaenda zetu. Kinachokuwa sugu ni vimelea, wale wadudu wadogo wanaokaa ndani ya chembe za damu. Mbu akimuuma mumeo usiku akanywa damu yenye vimelea hivyo, baada ya siku kumi na kitu anaweza kuvipanda kwa jirani yako ambaye hajawahi kumeza tembe hata moja ya malaria maishani mwake. Jirani huyo akitumia dawa kwa mara ya kwanza, itamkatalia. Mwili wake ulizoea lini?

Sasa ile mistari miwili. Kile kidude hakihesabu vimelea. Kinatafuta protini ambayo vimelea vya malaria huitoa ndani ya damu, na protini hiyo haiondoki siku vimelea vinapokufa. Inaweza kubaki ikizunguka wiki kadhaa. Ni kama kuingia jikoni ukasikia harufu ya samaki wa kukaanga: haimaanishi samaki bado yuko sahanini. Kwa hiyo kile kipimo cha kwanza hapa nyumbani, akiwa anachemka kwa homa, kilikuwa na maana, ingawa hata hapo mstari ungeweza kuwa masalia ya ugonjwa wa Malaba. Kipimo cha pili, wiki moja baada ya sindano, homa hana, hakikuwa na maana yoyote, na kijana wa kemisti kama alisomea kazi yake anajua. Kinachohitajika ni darubini. Damu inapakwa kwenye kioo, mtu wa maabara anachungulia, anaviona vimelea au havioni, na akiviona anavihesabu. Mpeleke mumeo akapimwe hivyo, na umwambie tabibu mambo matatu bila kuficha: kwamba alikuwa Uganda au Rwanda, kwamba alimeza nusu ya dozi, na kwamba baadaye alidungwa sindano tupu bila tembe. Hilo la tatu usilisahau, nitakwambia kwa nini.

Dawa aliyonunuliwa mumeo, ninavyoona kwa hesabu ya tembe, ni AL, yaani artemetha na lumefantrini ndani ya kidonge kimoja. Ndiyo dawa ya kwanza ya malaria Kenya. Sera ilibadilishwa 2004 na ikaanza kutolewa hospitalini 2006. Zile mbili zimeunganishwa makusudi. Artemetha ni ya mbio: inaingia, inafyeka vimelea kwa wingi, na baada ya saa chache imeshatoka mwilini. Ndiyo iliyomfanya mumeo ajione mzima siku ya pili. Lumefantrini ni ya taratibu, inabaki damuni siku nyingi ikimalizia waliosalia. Umewahi kupalilia ndago? Ukifyeka majani shamba linapendeza jioni hiyo hiyo, lakini vile viazi vyake viko chini, na mvua ya kwanza tu vinakujibu. Mumeo alifyeka majani. Dozi tatu za mwisho ndizo zilizokuwa za kuchimba, nazo zilikuwa zikichomeka juu ya dashibodi kwenye foleni ya mizani ya Mariakani.

Kuna na hilo la chai ya rangi. Watu wengi hawaambiwi, na mimi linaniudhi kuliko yote kwa sababu halina gharama. Lumefantrini haiingii damuni vizuri bila mafuta. Ukiimeza tumbo tupu, sehemu kubwa inapita tu na kutoka. Sasa sisi watu wa Pwani ndio wenye dawa hii kuliko watu wote: mahamri na mbaazi za nazi, wali wa nazi, hata kikombe cha maziwa tu. Meza pamoja na chakula au mara tu baada yake. Na akitapika kabla ya nusu saa kupita, anarudia dozi ile.

Dozi yenyewe, ili isije ikapotea tena njiani: mtu mzima, na yeyote wa kilo 35 kwenda juu, ni tembe nne mara sita. Ya kwanza pale pale, ya pili baada ya muda wa saa nane kupita, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Watoto hupewa kwa uzito, si kwa kukadiria. Kilo 15 hadi 24 ni tembe mbili kila mara, mara sita vile vile. Hebu ona: mtoto wa miaka sita wa kawaida angehitaji tembe 12, idadi ile ile aliyoiacha baba yake, na wewe ukampa nne. Usinielewe kwamba ungempa zote. Dawa iliyokaangwa kwenye kioo cha trela mimi singempa hata paka. Inatakiwa ikae mahali pasipozidi nyuzi 30. Nakuonyesha tu jinsi nusu inavyozaa theluthi ndani ya nyumba moja.

Nikueleze na langu, maana wewe umeungama. Miaka ya tisini nilikuwa nauza klorokwini kwa kuhesabu. Mtu anakuja na sarafu, anataka mbili za kutuliza homa aende kazini, namfungia kwenye kikaratasi kama karanga, narudisha chenji. Sikumuuliza mtu kama atarudi kuchukua zilizobaki. Hakuna aliyerudi. Usugu wa klorokwini haukuanzia dukani kwetu, kusema kweli. Ulianzia kwenye mpaka wa Thailand na Kambodia mwishoni mwa miaka ya hamsini, ukatembea, na 1978 ukaonekana Afrika Mashariki. Lakini ulipofika ulitukuta tumeshautandikia mkeka. Kufikia 1998 Kenya iliitoa klorokwini ikaweka Fansidar na ndugu zake, na hiyo nayo haikumaliza hata miaka kumi. Kati ya hapo tulizika watoto. Ndiyo maana ukiniona nakaza sauti juu ya tembe 12, si ukali wa bure.

Sasa swali lako kubwa: ametuletea malaria sugu? Nchi anazopita zimo kwenye habari hiyo, siwezi kukudanganya. Vimelea vyenye usugu wa sehemu dhidi ya dawa za jamii ya artemisinini, ambayo artemetha ni mmoja wao, vimethibitishwa Rwanda, taarifa yake ikatoka 2020, vikathibitishwa kaskazini mwa Uganda, 2021, kisha Eritrea, na kule Kagera, Tanzania, karibu na mpaka wa Rwanda. Shirika la Afya Duniani likatoa mkakati wa Afrika peke yake Novemba 2022. Na kinachonikosesha usingizi mimi ni kwamba klorokwini ilishindwa na vimelea vilivyotoka Asia, lakini hawa wa sasa, wanasayansi walipochunguza vinasaba vyao, hawakuwa wageni. Hawakushuka bandarini. Wamezaliwa huku huku kwetu.

Lakini ona neno lile, "wa sehemu". Vimelea hivi havijaishinda artemetha. Vikiwa vichanga vinajifunza kujilaza, kama mtu anayejifanya amelala mwenye deni akibisha hodi, mpaka ile dawa ya mbio ipite. Dalili yake ni kwamba siku ya tatu ya matibabu bado vinaonekana kwenye darubini, wakati kawaida vingekuwa vimekwisha. Hapo ndipo lumefantrini inapobeba mzigo wote. Mgonjwa aliyemeza dozi yote na chakula bado anapona, hata Uganda na Rwanda kwenyewe dawa hizi zingali zinatumika. Anayekata katikati ndiye anayevipa vimelea vilivyojilaza nafasi ya kuamka. Kwa mumeo, kilichotokea kinaelezeka kabisa bila usugu: nusu dozi, chai ya rangi, homa ikarudi. Usugu hauonekani kwa macho, wala kwa mistari miwili, wala kwa kijana wa dukani kusema.

Turudi kwenye sindano. Kama zilikuwa za artemetha peke yake, na mara nyingi zinazodungwa vichochoroni ndizo hizo, basi alipewa ile ya mbio bila ya taratibu. Homa inaisha, mgonjwa anashukuru, na baada ya wiki mbili tatu mambo yanaanza upya. Toka 2006 Shirika la Afya Duniani limekuwa likiwataka watengenezaji waache kuuza tembe za artemisinini zilizo peke yake kwa sababu hiyo hiyo ya kuzalisha usugu. Sindano ina mahali pake. Malaria kali, mgonjwa amepoteza fahamu au hawezi kumeza, anadungwa atesuneti, ndugu yake artemetha, hospitalini, na akishaweza kumeza anapewa dozi kamili ya tembe juu yake. Wewe mwambie tabibu kwamba mumeo hakupewa tembe baadaye, aamue kama atamwandikia dozi kamili sasa.

Na ile dawa ghali, bila shaka ni dihidroartemisinini na piperakwini. Si dawa mbaya. Hapa Kenya ndiyo dawa ya pili kwenye mwongozo, kwa mtu ambaye malaria imemrudia baada ya AL na imethibitishwa. Lakini neno ni "imethibitishwa". Kuinunua kwa sababu ya mstari uliobaki kwenye kidude ni kutupa pesa, na pia ni kuichosha dawa tuliyoiweka akiba. Hata umezaji wake ni tofauti: hii haitaki mlo wa mafuta mengi, kwa hiyo mbaazi za nazi nilizokusifia hapo juu zingekuwa kosa. Unaona kwa nini dawa si ya kuchaguliana juu ya kaunta? Ile kauli ya "ikishindwa hii hakuna nyingine" ni ya kuuzia, usiilalie macho. Kwenye zahanati ya serikali AL hutolewa bila malipo, ikiwa haijaisha rafu.

Mama mkwe umwamkie sana kwa niaba yangu. Usimkatalie kwa dharau, maana hajakosea kabisa. Malawi waliacha klorokwini 1993, na ilipojaribiwa tena kwa watoto kule, miaka kumi na zaidi baadaye, karibu wote walipona. Vimelea vilipokosa kusumbuliwa na dawa ile viliacha kubeba silaha yake. Kilifi nako klorokwini ilipotolewa, vimelea vinavyoisikia vilianza kurudi. Kwa hiyo ukimwambia bibi kwamba dawa yake imepumzishwa, utakuwa umesema kweli na hutakuwa umemvunjia heshima. Ila hairudishwi kienyeji, mtu akiiokota mahali akaanza kuigawa, tutauharibu usingizi wake. Mwarobaini aoge nao, achemshe, nyumba inukie, hauna ugomvi nami. Usiwe tu ndio tiba ya mtoto mwenye malaria. Na wakija na majani ya artemisia wakakwambia dawa za hospitali zimetokana nayo, ni kweli zimetokana nayo. Mchina Tu Youyou alipata tuzo ya Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Lakini ndani ya kikombe cha chai hakuna ajuaye kuna dawa kiasi gani, na hicho kiasi kidogo kisichojulikana ndicho tunachokikimbia tangu mwanzo wa barua hii.

Wewe na Fansidar yako. Jirani amesema kweli jina, amekosea sababu. Hukupewa kutibu malaria. Umepewa kuizuia isijifiche kwenye kondo la nyuma na kumdhoofisha mtoto tumboni, na kwa kazi hiyo bado inasaidia hata mahali ambapo ilishashindwa kutibu homa. Kenya huitoa huku Pwani na kanda ya Ziwa, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kisha kila kliniki ilimradi umepita mwezi tangu ile iliyotangulia. Usikatize. Kama kuna septrini unayokunywa kila siku, mwambie muuguzi, kwa sababu hizo mbili hazichanganywi. Na ukipata homa wewe mwenyewe na mimba hiyo, hakuna kemisti, ni hospitali.

Imebaki kumshughulikia bwana. Wanaume wa barabarani nawajua, nimewauzia dawa. Ukimwambia "maliza dozi" anakuona muuguzi. Mwambie ana mke mjamzito na mtoto wanaolala naye chini ya bati moja, na mbu hachagui. Mwekee saa ya simu ilie mara sita, na taniboi naye umpe namba yako, huyo ndiye mlinzi wako njiani. Kwenye kebini watundike chandarua. Najua joto la Malaba na Busia linawafanya walale madirisha wazi, na kule magharibi na Uganda malaria ni nyingi kuliko hapa kwetu, ambako imepungua sana ukilinganisha na miaka ile ya vikaratasi vyangu. Mtu wa Mombasa akienda huko siku hizi ana kinga ndogo kuliko baba yake alivyokuwa nayo. Akihisi baridi, apimwe kwanza huko huko, anywe dozi yote huko huko, na aje na pakiti tupu ukaione.

Zile tembe zilizobaki, nane kwa hesabu yangu, usizitupe jalalani watoto wakaziokota. Zipeleke huko zahanati utakapompeleka mtoto, waambie zimeharibika, watajua pa kuziweka. Kisha niandikie darubini imesema nini, ya baba na ya mtoto.